Chungu cha Ikombe, Bata la Matema

Oya wanangu, besi ya sabufa ya dukani mnaijua. Inatikisa madirisha, inakwaruza, jirani anagonga ukuta, basi. Sasa njooni Matema Jumamosi moja, jua linazama, ziwa limetulia tuli, mkae mchangani karibu na chungu cha Kikisi kilichokalishwa juu ya ngata. Ndani ya chungu kuna spika. Besi yake haipigi sikio. Inapita mchangani, inapanda miguuni, inakukuta kifuani. Siku ya kwanza kuisikia nilinyamaza, na wana wote walinyamaza. Tulikuwa tumeitengeneza wenyewe, kijiweni kwetu Kyela mjini, kwa spika ya sabufa iliyokufa na udongo uliofinyangwa Ikombe.

Nataka niwape mchongo mzima, lakini kwanza tuelewane kwenye lugha. Nairobi wana Sheng yao na wanaitema vizuri. Sisi wa Kyela tuna kiswahili cha kitaa. Kimetoka Dar, kikapumzika Mbeya mjini, kikateremka Tukuyu na mabasi, kilipofika huku bondeni kikakutana na Kinyakyusa. Ndiyo maana ukimpa mwana jero atakujibu, "Ndaga fijo, mwamba!" Shukrani ya bibi yake na heshima ya kijiweni, vyote kwenye pumzi moja.

Na kwenye Kinyakyusa kuna neno ambalo bila hilo stori hii haiendi: ukwangala. Ukitafsiri haraka ni kukaa na wana na kufurahi pamoja. Kupiga stori, kula sahani moja, kucheka, kutulia. Kwa wazee neno ni zito kuliko hapo. Kwao ukwangala ni sehemu ya kuwa mtu. Anayekula peke yake na kukaa peke yake haeleweki. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti wa tamaduni, walikaa na Wanyakyusa miaka ya 1930. Godfrey alifariki 1944, na mwaka 1951 Monica akatoa kitabu, akakiita Good Company, yaani ukwangala wenyewe. Mle kaeleza kitu kilichonishtua. Watoto wa kiume wa Kinyakyusa wakifika miaka kumi hivi walikuwa wanahama kwa wazazi, wanajenga vibanda vyao pembeni, wanaanzisha kijiji cha rika lao. Kulala huko. Kula wanarudi kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule.

Cheki geto letu sasa. Wana watano, chumba kimoja, magodoro mawili, na bi mkubwa wa mmoja wetu bado anatupakulia wali jioni. Watu wanasema mageto tumeyaiga kwenye video za Bongo Flava. Hapana. Huku Kyela geto lina umri mkubwa kuliko redio.

Tatizo lilikuja na simu, na hili naliongea kwa uchungu. Nimekulia kwenye nyumba yenye redio moja. Betri zikichoka mshua alikuwa anazianika juani kama mpunga, zikipata joto zinarudisha uhai kidogo, mpira unasikilizwa hadi dakika ya themanini. Redio ilikuwa moja, kwa hiyo watu wote walikaa sehemu moja. Leo kila mwana ana simu janja na bando lake. Mnaingia geto saa mbili usiku, saa nne hamjasemeshana. Mmoja anacheka kona ile, hujui anacheka nini. Mwingine kaziba masikio. Wana watano ndani, na ukwangala hakuna.

Hicho ndicho kilichotusukuma kwenye ufundi. Tulitaka kitu kimoja cha kukaa katikati yetu.

Ilianza sabufa ya mwana mmoja ilipokufa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, bodi ikaungua, ukatoka ule moshi ambao kila fundi anaujua kwa harufu. Boksi lenyewe lilikuwa la mbao za unga, na mvua ya Aprili ilishalivimbisha. Unyevu wa Kyela ni noma. Tuko bondeni, ziwa mbele, milima pande mbili, mvua ya masika inanyesha kama imetumwa. Kilichobaki kizima ni spika, inchi nne, sumaku nzito, karatasi haijachanika. Fundi wetu wa kijiweni, dogo wa miaka kumi na tisa aliyejifunza kazi kwa kufungua redio za mtaa mzima, akaigusisha kwenye betri ya remoti. Ikalia "tup". Inapumua. "Hii tunaitafutia nyumba nyingine," akasema.

Wazo la chungu si la kwetu, ni la bi mkubwa wake. Huyo mama akiwa jikoni anaitumbukiza simu kwenye bakuli la udongo ili kwaya isikike juu ya moto na masufuria. Dogo alikuwa ameliona hilo miaka yote, siku hiyo ndiyo akaliona vizuri. Bakuli linapandisha simu, sasa chungu kitaifanyia nini spika ya kweli?

Siri yake ni hii. Puliza mdomo wa chupa tupu, italia. Chungu nacho kina mlio wake. Tumbo likiwa kubwa na mdomo ukiwa mwembamba, mlio unashuka chini, na huko chini ndiko besi inakoishi. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilipigia hesabu jambo hilo karne ya 19, kwa kutumia matufe yenye tundu. Udongo uliochomwa una faida nyingine. Ni mzito, ni mgumu, hautetemeki ovyo kama plastiki au ubao mwembamba, kwa hiyo unachosikia ni ngoma yenyewe, boksi halipigi kelele zake.

Chungu chenyewe unakipata wapi? Lyulilo, jirani kabisa na Matema, kuna gulio la Jumamosi. Vyungu vinakuja kwa mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya Wakisi vilivyobanwa kati ya ziwa na Milima ya Livingstone. Pale mlima unashuka moja kwa moja majini, shamba ni dogo, udongo ni mzuri, na wanawake wa Kikisi wameushika ufinyanzi kiasi kwamba vyungu vyao vinafika Mbeya na mbali zaidi. Tulinunua kimoja, tukarudi nacho Kyela tumekipakata kama mtoto, tukakitoboa kwa drili. Kikapasuka toka mdomoni hadi kitakoni. Chungu kilichochomwa hakipendi drili, liandikeni hilo.

Wiki iliyofuata tukapanda mtumbwi wa injini hadi Ikombe kwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnataka cha maji au cha mboga?"

Dogo akatoa spika kwenye mkoba. Mama akaipokea, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha, akauliza inakaaje na sauti inatokea wapi. Alipoelewa akaita wenzake wawili waje waone. Akasema atafinyanga chungu kikubwa na ataacha tundu ubavuni udongo ukiwa bado mbichi. Dogo akampa kipimo cha karatasi ngumu, sentimita kumi.

"Ongeza, mwanangu," mama akasema. "Udongo unasinyaa ukikauka, unasinyaa tena kwenye moto. Ukinipa kipimo cha chuma chako, hakitaingia."

Dogo akashikilia kumi. Spika ni kumi, tundu ni kumi.

Tuliporudi kuchukua mzigo, tundu lilikuwa tisa na kitu. Spika inagoma. Mama hakusema neno. Akaingia ndani, akatoka na chungu cha pili, chenye tundu alilolipima yeye mwenyewe kwa vidole vyake. Spika ikaingia, ikakaa kama imezaliwa mle. Tulilipia vyungu vyote viwili, bila kuomba kupunguziwa hata mia. Cha kwanza kipo kwa bi mkubwa, anawekea maji ya kunywa, yanakaa baridi mchana kutwa. Na dogo tangu siku ile akiongelea mafundi wake, anamtaja mama wa Ikombe wa kwanza.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya jioni moja. Ukingo wa tundu tuliuziba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli ili hewa isivuje, kwa sababu hewa ikivuja besi inasepa. Ndani tukaweka kipande cha sponji ya godoro, kidogo tu, kupunguza mwangwi. Bodi tukanunua zile ndogo za bluetooth zenye sehemu ya flashi na memori kadi, zinazokula volti 12. Umeme tulitoa kwenye betri la laptop lililokufa. Ukilifungua unakuta seli za mviringo, na mara nyingi si zote zimekufa. Ukiunga tatu nzima kwa mfululizo unapata volti 11 hivi, zikijaa 12.6.

Hapa naomba nisikilizwe na kila dogo anayependa kuungaunga. Seli za lithiamu si betri za redio. Ukizichaji kupita kiasi, ukizitoboa, au ukizigusanisha, zinawaka moto usiozimika kirahisi. Lazima uweke kibodi cha kulinda, kile kinachokata chaji zikijaa na kukata matumizi zikiisha. Kama huna mkwanja wa kibodi, tumia betri la bodaboda, zito lakini lina uvumilivu. Na usichaji ukiwa umelala.

Nyimbo tunaweka kwenye flashi. Bando lina mwisho, flashi haina. Unakuta Rayvanny, mwana wa Mbeya aliyebeba tuzo ya BET mwaka 2017, anafuatiwa na singeli, halafu amapiano, halafu kwaya ya Kilutheri ambayo mtu mmoja kaisisitiza, na inakaa vizuri kuliko mnavyodhani. Sheria ya kijiwe ni kwamba mgeni akifika, wimbo wa kwanza anachagua yeye.

Sasa mpira. Kyela bila mpira hakuna wikiendi, na derby ya Simba na Yanga ikipigwa kibanda umiza kinajaa nyomi, watu wanachungulia hadi madirishani. Mtambo wa TV wa analojia Dar es Salaam ulizimwa 31 Desemba 2012, mwaka 2013 ikafuata mikoa mingine na Mbeya ikiwemo. Antena za mabomba ya alumini zikabaki kuanikia nguo. Azam TV wakaingia 2013, na Ligi Kuu ilipohamia kwao kila kijiwe kikataka dishi.

Kulitega dishi ni sanaa ambayo kitaa kinaidharau, na mimi naitetea. Setilaiti ya Azam imekaa juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 angani, kwenye nyuzi 7 mashariki. Sisi Kyela tuko karibu nyuzi 34 mashariki na tuko kusini ya ikweta. Kwa hiyo dishi linatazama magharibi, limeegemea kaskazini kidogo, na macho yameinuka nyuzi 57 hivi. Dogo wetu hana dira. Anatumia jua. Katikati ya Mei na tena mwishoni mwa Julai, jua linazama upande ule ule ambao dishi linataka. Alipiga alama kwenye ukuta wa geto jioni moja ya Mei, na tangu hapo kila dishi la mtaa wetu linatoka kwenye ile alama. Wanaokosea, wengi wanakosea mwinuko. Dishi la kisasa kichwa chake kimekaa chini pembeni, kwa hiyo sahani inaonekana imesimama zaidi ya pale inapotazama kweli. Ukiielekeza sahani yenyewe angani nyuzi 57, umeshapita setilaiti zamani. La DStv ni habari tofauti. Setilaiti yake ya nyuzi 36 iko karibu utosini mwetu, ndiyo maana madishi yake huku yamelala kuliko ya Azam.

Na mvua? Mawimbi ya dishi yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua yanayameza. Mvua ya Kyela ikishuka dakika ya themanini na tano, picha inaganda mshambuliaji akiwa amenyanyua mguu. Hakuna fundi wa kulitibu hilo kabisa. Kinachosaidia ni kulitega dishi kwa usahihi siku ya jua kali, upate akiba ya nguvu ya kutosha, mvua ikila kidogo bado unabaki na picha. Tukipotea kabisa tunarudi kwenye redio ya kiswaswadu, tunaichomeka kwenye chungu, mtangazaji anatusomea mpira kwa sauti ya ngurumo. Aisee, mechi mbili bora nilizowahi kusikiliza maishani nimezisikilizia humo.

Kuna mtego mwingine wa huku kwetu ambao wageni hawaujui. Mto Songwe ndio mpaka na Malawi, na Malawi wako nyuma yetu saa moja. Ukisogea Kasumulu, mpakani, simu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo kimyakimya, na saa yake inarudi nyuma. Nilikwenda Kasumulu kutafuta nyaya mchana wa mechi ya saa kumi na moja jioni. Nikacheki simu, saa tisa na nusu. Nikatulia, nikala ndizi za kuchoma, nikapiga stori na wauza mitumba wa pande zote mbili. Kumbe ni saa kumi na nusu. Nilifika kijiweni kipindi cha kwanza kimeisha na mabao mawili yameshaingia. Dawa ni rahisi. Ingia kwenye mipangilio, zima saa ya kujiseti yenyewe, chagua mtandao wako kwa mkono, na zima matumizi ya nje ya nchi, la sivyo salio nalo linavuka mto.

Mkwanja wa haya yote unatoka shambani. Kitaa kinaita hela mpunga, na Kyela neno hilo lina maana zote mbili, kwa sababu mchele wetu wenye harufu ndio unaolipa. Unavunwa kuanzia Mei, na kuanzia hapo vijiwe vinachangamka. Kakao nayo ilitushangaza. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na vijana waliokuwa wanaona mikakao ni mambo ya babu wakaanza kulala shambani kulinda matunda. 2025 bei ikashuka tena. Kuna waliobaki na pikipiki, kuna waliobaki na deni. Na kuna hela ambayo imeyeyukia kwenye mikeka. Wanangu, kubeti kunakula ukwangala kuliko simu. Mtu mwenye mkeka hatazami mpira na wewe. Anaitazama simu yake, na bao la timu yenu linamuumiza. Kijiwe chetu tulikubaliana kwamba siku ya derby hakuna mkeka ndani.

Basi, Jumamosi ya Matema. Tunachanga buku mbili mbili tatu tatu, tunachukua gari Kyela, tunapinda Kikusya, Ipinda, hadi Matema, lami ya kilomita 39 hivi kutoka Kikusya. Chungu kinapakatwa kwa zamu, kimefungwa kwenye khanga ya bi mkubwa. Njiani dogo mmoja anauza kakao mbivu, tunavunja, tunanyonya ule utelezi mweupe mtamu, mbegu tunamrudishia. Tukifika tunaanza na gulio la Lyulilo. Msosi wetu ni wali na mbasa wa kuchoma, yule samaki wa Nyasa mwenye nyama ya heshima. Akikosekana, usipa wa kukaanga. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na kwenye maji ya mawe unaona wadogo wa bluu na njano bila hata miwani.

Kuogelea kunahitaji akili. Mbele ya kijiji ambako wenyeji wenyewe wanaogelea, sawa. Kwenye midomo ya mito, hasa Lufilyo, hapana. Kuna mamba na viboko, na kila mwenyeji atakwambia hivyo hivyo. Juni mpaka Agosti upepo wa kusini ukiamka, ziwa linapiga mawimbi kama bahari, na mtumbwi unaubakisha mchangani hata kama umeshaulipia. Zikija wiki za kungu utaona nguzo za moshi zinatembea juu ya maji. Ule si moshi, ni wadudu wadogo kwa mamilioni. Zima taa kubwa, la sivyo wote wanahamia kwenu. Watu wa ziwa hili tangu zamani wanawakusanya, wanawafinyanga kama mkate, na ni kitoweo.

Jua likizama, chungu kinawashwa. Matema ina hospitali ya Kilutheri na wagonjwa wamelala, kwa hiyo tunakaa mbali nayo, na saa tatu usiku tunashusha. Hatujawahi kufukuzwa. Ni kinyume chake. Mara ya tatu tulipokwenda, mzee mmoja alikuja na kiti chake, akakaa nasi, akasikiliza nyimbo nne nzima bila kusema. Kisha akatuambia habari za malipenga.

Malipenga ni vibuyu. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, askari waliorudi kutoka King's African Rifles walikuwa wameona bendi za jeshi na matarumbeta yake. Pwani ya ziwa hili tarumbeta hawakuwa nalo. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa tundu dogo, wakabandika utando wa buibui, wakaimbia ndani, na kibuyu kikalia kama shaba. Wakapanga mistari, wakavaa nadhifu, wakacheza gwaride. Ngoma hiyo kwa Tanzania iko zaidi kusini, upande wa Mbamba Bay, inaitwa mganda, na ng'ambo Malawi iko hai mpaka leo. Mzee alikuwa ameicheza ujanani. Akainama, akaweka kiganja chake ubavuni mwa chungu kikiwa kinalia, akakiacha pale wimbo mzima. "Sisi kibuyu," akasema, "nyinyi chungu."

Usiku ule hakuna mwana aliyetoa simu mfukoni. Mimi nilihesabu. Tulikuwa tisa, pamoja na mzee kumi, na kwa saa mbili mwanga pekee ulikuwa ule mdogo wa bluu wa bodi, unapenya kwenye mdomo wa chungu.

Mpaka sasa tumetengeneza vinne. Viwili viko Ipinda, kimoja Tukuyu, kimoja tumebaki nacho. Mtu akitaka cha kwake hatumuuzii kilichokamilika. Tunamwambia apande mtumbwi aende Ikombe mwenyewe, amkute mama, ampe spika ashike mkononi, na akubali kipimo chake. Kisha aje kijiweni tumalizie naye, mpira wa tyubu tutampa sisi.

Kama uko Mbeya, Dar, au popote unaposoma hii, njoo Jumamosi, gulio linaanza asubuhi. Chungu nunua kwa aliyekifinyanga na bei usimshushie. Jioni tutafute ufukweni, fuata besi. Wimbo wa kwanza utachagua wewe.